Wakongo Wangu wa Leo

Safari ya kulipiwa haina mwenyewe. Mdogo wangu, ambaye amekaa Canada muda wa kutosha kuamini kwamba kila jambo la dunia hii hutengenezwa kwa simu, aliamua kuwa mwaka huu watoto wa Bunia lazima waione bahari. Akaingia kwenye intaneti, akachagua Unguja, akalipia pakeji nzima ya familia: vyumba, chakula cha mchana, gari na mtu wa kututembeza. Kwenye fomu palikuwa na mahali pa kujaza nchi ya wageni. Akajaza Kongo. Chini yake paliulizwa lugha ya wageni. Akaweka tiki kwenye Kifaransa.

Tiki hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine yote ni joto na jasho.

Njia ya kutoka Bunia hadi pwani naiacha. Anayeishi Ituri anajua kwamba barabara zetu si mada ya kuchekea, na asiyeishi huko hataamini. Itoshe kusema kwamba kadi ya manjano ya chanjo tuliionyesha kwenye kila meza iliyokuwa na mtu ameketi nyuma yake, ikiwemo meza moja ambayo, tulipochunguza vizuri, ilikuwa ya kuuzia maji.

Msafara wenyewe ulikuwa hivi. Mume wangu, mwalimu wa historia, mtu ambaye hajawahi kuongozwa na mtu yeyote mahali popote. Mama yake, ambaye watoto wanamwita Koko na sote tukafuata, mwanamke wa shamba kutoka upande wa Mambasa. Kifungua mimba wetu, binti wa sekondari aliyekuja na simu. Wa kati, aliyekuja na njaa. Kitinda mimba, aliyekuja na maswali. Na mimi, muuza vikwembe wa soko kuu la Bunia, niliyekuja nikitaraji kukaa chini walau siku moja bila mtu kuniuliza bei.

Miadi ya siku ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi, barazani pa hoteli. Tulishuka saa mbili kamili. Tatizo ni kwamba ilikuwa saa mbili kamili ya Bunia. Kongo ya mashariki iko nyuma ya Unguja kwa saa moja, na tangu Kampala nilikuwa nikimsihi mume wangu asogeze mshale wa saa yake. Alinijibu kwamba saa ile aliachiwa na baba yake, na baba yake hakuwahi kuisogeza kwa ajili ya Uganda. Kwa hiyo alishuka ngazi akiwa na uso wa mtu anayewafundisha wengine kutunza wakati. Amevaa koti la rangi ya maziwa, shati lililopigwa pasi, viatu vya ngozi vinavyong'aa. Mkongo haendi kuutazama mji wa watu akiwa na kaptula.

Kijana wa mapokezi alikuwa amevaa sweta. Julai ni kipupwe Unguja, kusi inavuma, na wenyeji wanalalamikia baridi. Sisi wa Bunia, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,200, tulikuwa tunatiririka jasho kabla hatujafika ngazi ya mwisho. Koko alimtazama kijana yule wa sweta, akauliza kama ana malaria.

Mtembezaji wetu alikuwa ameketi barazani, kofia ya kiua kichwani, karatasi mkononi, saa nzima ya kusubiri imemjaa usoni. Lakini kazi ni kazi. Akasimama, akatabasamu, akatusalimu: “Bonjour, la famille!”

Koko, ambaye hapitiwi na mtu bila kumsalimu, akamjibu: “Jambo sana, mwana. Mulilala muzuri?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyekusudia. Kwetu jambo ni salamu ya mtu mzima mwenye adabu. Unguja wenyeji hawasalimiani hivyo, hiyo wameachiwa wazungu waliosoma ukurasa wa kwanza wa kitabu cha watalii. Mtembezaji aliposikia jambo, ushahidi ulikuwa umekamilika. Na hayo mengine yaliyofuata, kwa lafudhi ya Ituri, nadhani aliyahesabu kuwa lugha ya kabila. Akapiga makofi, akamsifu kwa Kifaransa.

“Anasema nini?” Koko akaniuliza.

“Anasema unajifunza Kiswahili haraka.”

Koko alifikiri kidogo. “Mwambie aksanti.”

Mume wangu angeweza kuyamaliza pale pale. Neno moja lingetosha. Lakini alikuwa amekwisha kusikia Kifaransa, na mwalimu wa Bunia hawezi kusikia Kifaransa kikipita akakaa kimya. Akanyoosha koti, akajibu kwa sentensi ndefu yenye vitenzi vya heshima. Mtembezaji naye, ambaye Kifaransa amekinunua kwa jasho lake ili apate mkate, hakukubali kushindwa na mgeni. Basi tukaingia vichochoroni: watu waliozaliwa na Kiswahili huku, mtu aliyezaliwa na Kiswahili kule, katikati wanarushiana Kifaransa ambacho kila mmoja alikuwa anakitafuta kwa taabu. Binti yetu alifungua mdomo aseme. Baba yake akamkata jicho. Ilikuwa imeshakuwa mechi.

Maelezo ya mtembezaji yalikuwa yamekaririwa kwa ajili ya watu wengine, na hilo lilijitokeza mapema. Kila baada ya hatua chache alitukumbusha hali ya hewa ya “kwenu Ulaya”. Mbele ya milango ya Mji Mkongwe, ile yenye misumari mikubwa ya shaba, alitueleza kwamba kwenu Ulaya milango haichongwi hivi. Kitinda mimba akauliza kwa sauti ndogo kama tumehama.

Tulipofika Forodhani Koko aligoma kuendelea. Jana yake alasiri, tulipokuwa tunashuka kwenye boti, maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta na vijana wanajitupa majini kwa vichwa. Sasa palikuwa na mchanga mtupu, mashua zimelala ubavu, na mtu anatembea kwa miguu mahali ambapo jana palikuwa pa kuogelea.

“Nani alibeba maji?”

Mume wangu akamweleza habari ya mwezi, kupwa na kujaa. Koko alimsikiliza kama anavyowasikiliza wanasiasa. Ziwa Albert analijua tangu utotoni. Mwaka 2020 lilipanda likaingia ndani ya nyumba za watu huko Kasenyi na Tchomia, na halikuwa na habari ya kurudi jioni. Mwezi ulikuwa pale pale juu siku zote hizo. Akahitimisha kwamba mwanawe amesoma mno.

Jumba la Beit el-Ajaib tulilitazama kwa nje. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likapata umeme na lifti wakati ambapo majumba mengi ya dunia yalikuwa bado yanategemea vibatari, na Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka. Mafundi walikuwa bado kazini. Mtembezaji alipanga kutueleza vita vya Agosti 1896 baina ya Waingereza na Sultani Khalid, vita vinavyosemwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Dakika 38, alisema. Mume wangu akasema kuna vitabu vinavyoandika 45. Mtembezaji akasema 38. Nadhani walibishana muda mrefu kuliko vita vyenyewe.

Nyumba inayohusishwa na mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, haikumsisimua mtu isipokuwa binti yetu na simu yake. Koko aliuliza marehemu aliimba kwaya gani.

Kisha tukafika Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Sitasahau namna mtembezaji alivyoanza. Alisimama kwenye ngazi, akashusha sauti, akasema kwa Kifaransa chake bora kabisa kwamba bwana huyu, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alikusanya utajiri wake katika nchi ya mbali, ya misitu na giza, iitwayo Kongo. Hapo akakumbuka. Akaitazama karatasi yake. Akatutazama sisi.

Mume wangu alipanda ngazi ile kama mtu anayeitwa ubaoni. Akaanza somo. Kwamba Februari 1887 Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alitoka bandari hii hii katika meli iitwayo Madura, pamoja na Waunguja wapatao 600 aliowaajiri kubeba mizigo, na Tippu Tip mwenyewe ndani. Kwamba walizunguka Afrika yote kwa kusini hadi mdomo wa mto Kongo, ndipo wakapanda mto. Kwamba Tippu Tip alishukia Stanley Falls, Kisangani ya leo, akawa liwali kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kwamba Stanley na baadhi ya watu wake waliingia msitu wa Ituri, wakala uyoga na mizizi, wakafa kwa njaa na mishale, na walionusurika wakatokea juu ya Ziwa Albert Desemba ya mwaka huo, si mbali na Bunia yetu. “Babu zenu,” alimalizia, “walifika kwetu bila mtembezaji.”

Watalii wawili wa kundi jingine walikuwa wamesimama kusikiliza. Mmoja wao, kwa moyo mwema, akamtia mume wangu shilingi elfu mbili mkononi. Mume wangu aliigeuza noti ile, akaiinua kwenye mwanga, akaona mchaniko pembeni, akamrudishia mwenyewe kwa heshima. Kwetu Bunia noti ya dola iliyochanika, hata mchaniko wa unywele, si pesa tena, na mazoea hayachagui noti. Nadhani yule mtalii bado anaieleza habari hiyo huko kwao.

“Mwenye nyumba iko?” Koko akaniuliza.

“Alikufa 1905.”

“Na deni lake, nani analipa?”

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo. Simu ya mtembezaji ikaniokoa. Aliipokea, akasogea hatua mbili, akageukia ukuta, akaanza kusema Kiswahili cha Mji Mkongwe, kilichonyooka, kwa sauti ya mtu aliye peke yake duniani.

“Nipo na Wakongo wangu wa leo. Wee, acha tu! Mzee mwenyewe anajifanya profesa, kila mahali ataka kunisomesha. Bibi kizee sijui asema lugha gani, lakini maswali hayaishi. Mke ndo ana afadhali, ila kanuna tangu asubuhi. Mashamba ya viungo n'tawapitisha njia fupi, waone karafuu mbili tatu, basi. Hawa hawajui kitu.”

Sote tulisimama kimya. Nilimziba mdomo kitinda mimba, ambaye alikuwa anajiandaa kuuliza profesa ni nani. Mtembezaji akakata simu, akatugeukia kwa tabasamu lile lile la “la famille”.

Palihitajika kikao, na palihitajika lugha ya kikao. Kifaransa anakijua. Kiswahili anakijua kuliko sisi. Ikabidi tutumie Kilingala, jambo ambalo Koko hakulipenda hata kidogo, kwa sababu kwake Kilingala ni lugha ya mtu anayekuomba kitambulisho barabarani. Binti yetu alitaka tumwambie mara moja. Mimi sikuwa na hakika. Mume wangu ndiye aliyekata shauri: tunyamaze. Mtu akishajua kwamba unamsikia, alisema, anaanza kukuambia mazuri, na mazuri tumeshalipia.

Kanisa la Mkunazini sitalifanyia utani. Limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na chini ya jengo la jirani wanaonyesha vyumba vya mawe, vya kuinama, ambamo inasimuliwa kwamba watu waliwekwa wakingoja siku ya kuuzwa. Wengi walitoka bara, na sisi tumetoka bara. Mtembezaji alieleza kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mume wangu hakuongeza lolote. Koko alivua kilemba, akakaa kwenye ngazi, hakuuliza swali.

Tukatoka tukaingia soko la Darajani, na hapo nikawa nyumbani.

Nitasema wazi: kanga za Unguja ni nzuri, ingawa kitambaa ni chepesi kuliko kikwembe na rangi yake inataka kuombewa ukiifua mara ya kwanza. Nilishika doti moja ya zambarau, nikaipima kwa vidole. Mwenye duka hakuniuliza mimi, alimuuliza mtembezaji, “Wako hawa? Mwambie kumi na tano.” Mtembezaji akanigeukia, akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni elfu ishirini na tano, na hiyo ni bei ya kirafiki.

Miaka yote niliyokaa nyuma ya meza ya kuuzia, nikipigana na akina mama wanaoapa kwa jina la Mungu kwamba hawana zaidi ya franga walizoshika, sijawahi kupewa bei ya mwisho ya mwenye mali kwa mdomo wake mwenyewe kabla sijafungua changu. Nilijizuia nisicheke. Nikasema kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayebahatisha: kumi na tano.

Wakatazamana. “Huyu mama mchawi,” mtembezaji akamwambia mwenye duka.

Nililipa, nikashukuru kwa Kifaransa, nikaomba bei ya doti ya pili. Nilitoka pale na doti za kutosha kufungua tawi. Kila moja niliipata kwa bei ambayo mwenye duka alikuwa ameitaja sekunde chache kabla, na kila mara mtembezaji alizidi kuniangalia kwa woga.

Chakula cha mchana kilikuwa wali na samaki wa nazi. Watoto walifuta sahani. Koko alikula vyote, akanawa mikono, kisha akauliza chakula chenyewe kitaletwa saa ngapi. Kwake mtu ambaye hajala bugali hajala, amechokoza tumbo tu.

Mashamba ya viungo ya Kizimbani yako nje ya mji, na njia yake ni nzuri, minazi huku na huku. Garini mtembezaji alitueleza habari ya karafuu, jinsi Sayyid Said alivyohimiza ipandwe kila mahali alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, mpaka kisiwa kikajulikana kwa harufu yake. Hilo alilieleza vizuri, na nampa haki yake. Kisha akatimiza ahadi aliyoitoa kwenye simu: karafuu mbili tatu, mdalasini kidogo, kijana wa kukwea mnazi akakwea akashuka, mwingine akatusukia kofia na tai za makuti. Mume wangu aliivaa tai ya makuti juu ya tai ya kitambaa. Kitinda mimba akapakwa rangi nyekundu ya mbegu za mrangi usoni, naye akaipitisha kwenye ukosi wa koti la baba yake. Tukaambiwa basi, turudi garini.

Lakini Koko hakuwepo.

Tulimkuta nyuma ya migomba, amefunga kikwembe vizuri kiunoni, mikono nyuma, anazunguka mti wa kakao polepole kama daktari. Mtembezaji akafika anahema, akaona nafasi ya kuokoa ratiba yake. Akalichuma tunda moja la manjano, akalipasua kwenye jiwe, akatuonyesha mbegu zilizovikwa utando mweupe. Akaanza: tunda hili, mabibi na mabwana, hakuna anayelijua, ingawa kila siku mnalila kule kwenu Ulaya...

“Mwana,” Koko akamkatiza, kwa Kiswahili, kwa sauti anayotumia kwa vibarua wake. “Hii kakao iko mugonjwa.”

Mtembezaji akanyamaza.

“Tazama hii nyeusi. Na ile. Na ile kule juu. Ni nani alizibakisha kwa muti? Tunda lenye kuoza unalikata, unalipeleka mbali. Ukiliacha juu, mvua inapiga, ugonjwa unashuka kwa yote ya chini. Na hapa kuko giza sana. Mugomba huu mukate, upepo upite. Na mbegu munazifunika siku ngapi mbele ya kuzianika?”

Vijana wa shamba walikuwa wameanza kusogea. Yule mkwea mnazi akasema siku mbili. Koko akashika kichwa. Kwa siku mbili, akawaambia, munauza uchungu. Mambasa tunazifunika majani ya ndizi siku tano, sita, tunazigeuza, zinatoa joto, ndipo zinaanza kunukia. Akaomba panga. Wakampa. Mama mwenye umri wake, kwenye pakeji ya dola za Canada, akaanza kupogoa shamba la watu.

Mtembezaji alikuwa bado ameshika tunda lililopasuka. “Bibi,” alisema hatimaye, “kumbe wajua Kiswahili?”

“Na tangu asubuhi nilikuwa ninasema nini?”

Akatugeukia sisi. Nilimwona akirudi nyuma kimoyomoyo, kituo kwa kituo: mashambani, Darajani, Shangani. Alipofika kwenye simu ya Shangani uso ulimbadilika, kama mwizi wa kuku anayesikia kuku akilia ndani ya koti lake.

“Wote?” akauliza.

“Wote,” nikasema.

“Na mama si mchawi,” akaongeza kitinda mimba. “Ni muuzaji.”

Yule bwana alikaa chini, pale pale kwenye majani ya migomba, akashika magoti, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akasimama, akamwendea Koko, akainama, akamwamkia shikamoo ya kweli kweli. Koko, ambaye salamu hiyo haimo katika hesabu zake, akamjibu aksanti, akampa panga ashike.

Tulikaa shambani mpaka Koko aliporidhika. Njia ya kurudi tuliongea, watu wote kwa pamoja, mpaka dereva, ambaye kumbe naye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi kwa kuwa Kifaransa hakijui. Isipokuwa mume wangu. Yeye aliendelea na Kifaransa. Alisema ndicho kilicholipiwa.

Ilikuwa saa tisa na nusu tulipokaa kwenye mchanga karibu na Shangani. Koko akatandika kikwembe, tukapanga kanga, chupa za maji, kofia za makuti. Mume wangu alivua viatu, akavipanga upande wa bahari, soksi ndani, ili binti yetu ampige picha ya kutuma Canada. Mtembezaji alimwambia: “Mzee, maji yanajaa, sogeza viatu.” Mume wangu akamjibu kwa Kifaransa kwamba ameshaliona hilo, na kwamba kwa hesabu zake tuna muda wa kutosha. Hesabu zenyewe alizifanya kwa ile saa ya baba yake.

Wimbi la kwanza lilifika kwenye ukingo wa kikwembe, likarudi. Tukasogea kidogo. La pili likafika mahali tulipohamia. Koko hakungoja la tatu. Vita vya Ituri vimemfundisha kufunga mzigo bila kuuliza sababu. Kabla sijainuka alikuwa ameshakusanya kila kitu, fundo kichwani, mtoto mkononi, anapanda ngazi za ukuta bila kutazama nyuma. Vitu vyote vilipona. Viatu havikuwa kwenye kikwembe, kwa hiyo havikuwa kwenye fundo.

Vilielea vizuri sana. Ngozi nzuri inaelea. Vilikwenda vyote viwili, vimeelekea Dar es Salaam, na kijana mmoja kati ya wale wanaojitupa kwa vichwa akavifuata. Alirudi na kimoja, akataka elfu mbili. Mume wangu akalipa. Akarudi baharini, akaja na cha pili, na kwa hicho akataka elfu tano, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mtu mwenye kiatu kimoja hana pa kwenda. Mimi ni mtu wa soko, na nilimvulia kofia yangu ya makuti.

Usiku tulikula Forodhani: mishkaki, urojo, maji ya muwa yenye tangawizi na ndimu. Mtembezaji alikuwa amemaliza saa zake za kazi lakini akabaki, ameketi kando ya Koko, anaandika nyuma ya karatasi ya ratiba mambo ya kakao. Mume wangu alikuwa na ndala za hoteli na koti lenye doa jekundu, na kwa mara ya kwanza tangu Bunia alionekana amepumzika.

Kabla ya kuagana mtembezaji alipiga simu ofisini kwao, safari hii mbele yetu, ili siku zilizobaki ziandikwe Kiswahili. Tulimsikia mtu wa upande wa pili akimsomea orodha ya lugha wanazouza: Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kijerumani, Kihispania, Kirusi. Akarudia kuanzia juu. Kiswahili hakimo, alisema, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiomba. Basi tukabaki wageni wa Kifaransa mpaka mwisho wa pakeji, na kila jioni tulitia sahihi kwamba tumehudumiwa kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo wewe wa Bunia, wa Beni au wa Kisangani, ndugu yako wa ng'ambo akikulipia Unguja, usigombane na fomu. Vaa ndala. Sogeza mshale wa saa. Usiseme jambo, sema habari za asubuhi. Lakini kama unataka kununua kanga, salamu hiyo iahirishe hadi umalize Darajani.